Ubongo wa Baba na Vichwa vya Mbuzi

Mimi nimefungua vichwa vingi kuliko daktari yeyote unayemjua. Sijisifu, ndiyo kazi. Hapa Garsen, nyuma ya soko la mifugo, nina kibanda cha supu ya kichwa na miguu. Kila asubuhi napasua vichwa sita au saba, siku ya mnada hata kumi na tano. Naweka kichwa juu ya gogo, napiga shoka moja katikati ya pembe, kinafunguka kama kitabu. Shule niliishia darasa la nane, kwa hiyo vitabu vilivyokubali kunifungukia ni hivyo tu.

Na ubongo kwangu ulikuwa nini? Kitu laini kinachoteleza kwenye kijiko, basi. Wateja wengine wanaupenda, wengine wakiuona wanageuza uso. Mama akija na mtoto karibu na mtihani, namuuliza mtoto, "Wewe umelemewa na hesabu ama Kiingereza? Maana upande huu ni wa hesabu, na huu wa Kiingereza." Mtoto anakula pande zote mbili kwa hofu. Uongo mtupu. Nilikuwa napakua kilichokuja mbele ya mwiko.

Vichwa nilikuwa navipata kwa baba yangu. Baba ndiye mchinjaji wa hapa. Mbuzi au ng'ombe ukimla upande huu wa mto, basi karibu lazima amepita mkononi mwake. Ni mtu wa maneno machache, lakini jina la Mungu halisemi kwa kunong'ona. Wengine wanachinja midomo ikitikisika tu, hujui kama wanasoma ama wanatafuna. Baba, "Bismillahi Allahu Akbar" yake ilikuwa inasikika mpaka kwenye geti. Nilimuuliza siku moja kwa nini anapiga kelele na Mungu yuko karibu. Akasema, "Mungu ananisikia. Namsikilizisha mkono wangu, ujue unafanya nini."

Na alinifundisha kisu kinasimama wapi. Unakata koo, njia ya hewa, na ile mishipa miwili ya damu. Ukigusa mfupa wa shingo, unaacha. Huvunji shingo mpaka mnyama atulie mwenyewe.

"Kwani ndani ya huo mfupa kuna nini, Baba?"

"Kuna kamba."

"Kamba ya nani?"

"Ya mwenyewe. Wewe simama tu."

Basi asubuhi moja, alikuwa amemaliza mbuzi wa pili, ananawa mikono, mimi nakusanya vichwa kwenye ndoo. Akanyoosha mkono kwangu, akasema, "Nipe kwato."

Nikampa kwato. Akaitazama, akaitupa. "Kwato!" Nikampa nyingine, nikamwambia, "Hii ndiyo kubwa Baba, zaidi ya hii labda tumchinje punda." Nikacheka. Alikuwa anataka taulo. Alikuwa ananionyesha taulo begani mwangu, na mimi nacheka, mpaka nikaona mdomo wake umelala upande mmoja kama kibanda kilichovunjika nguzo. Mkono wa kulia ukaanguka ubavuni. Akaketi chini kwenye maji ya damu, mtu ambaye sijawahi kumwona ameketi kazini. Kicheko kile mpaka leo sijakimeza chote.

Tukampakia kwenye gari la Probox, mimi nyuma nimeshika kichwa chake. Nimeshika vichwa maisha yangu yote, lakini hicho kilikuwa kizito peke yake. Njia nzima neno lilikuwa lile lile. Akitaka maji, kwato. Akiuliza tumefika wapi, kwato. Macho yanajua anachotaka kusema, sauti inapanda na kushuka sawasawa kama mtu anayezungumza, ila duka lina bidhaa moja.

Hospitalini wakampiga picha ya kichwa, wakasema ni kiharusi, mshipa umeziba. Alilala siku nyingi. Aliyenieleza mambo vizuri ni daktari mmoja wa mazoezi, dada wa Kipokomo wa huku huku mtoni, kwa hiyo hakunizungusha na maneno makubwa. Na alinipata na kosa mkononi. Kosa lenyewe ni hili: kila asubuhi nilikuwa namletea Baba chupa ya supu ya ubongo. Si mimi peke yangu niliyefikiri hivyo. Mtaa mzima ulikubaliana. Mtu akivunjika mguu, kwetu anapewa supu ya miguu ajengeke, na hakuna anayebisha. Sasa kama ubongo umeharibika, si dawa inajulikana? Nilimwaga ubongo wa mbuzi wanne kwenye chupa moja.

Dada akafungua kifuniko, akanusa. "Hii ni nini?"

"Spea," nikamwambia.

Akacheka mpaka akaketi. Kisha akaacha kucheka. "Unampa mafuta haya mtu mwenye presha? Wewe ukila mguu wa mbuzi, kesho unapanda miti ya mathenge kama mbuzi?"

"Hapana, lakini sijawahi kula minne."

"Keti hapa. Kunja ngumi mbili. Ziunganishe, vidole vitazamane, vidole gumba vyote viwili juu."

Nikaunganisha.

"Huo ndio ubongo wa mtu mzima. Ukubwa wake ndio huo."

Nikaziangalia ngumi zangu. Nilikuwa nafikiria ubongo wa mtu ni kama nazi mbili. "Yaani kila kitu cha mzee huyu kimeingia humu? Na majina ya ng'ombe wote wa ukoo? Na Kurani?"

"Na namna ya kutembea, na uso wa mama yako, na harufu ya mvua. Humo humo."

Akaanza kunionyesha juu ya ngumi zangu, akigusa kwa kalamu. Huku mbele, nyuma ya paji la uso, ndiko mtu anakopanga. Kesho nitafanya hiki, hiki nisikifanye, hili nililotaka kusema nilimeze. Nikamwambia, kwangu hapo patakuwa pamebaki wazi. Akasema hata yeye ameona. Juu hapa katikati kuna ukanda unaoamuru viungo, na nyuma yake ukanda mwingine unaopokea habari za ngozi: moto, baridi, inzi ametua. Kando, karibu na masikio, ndiko sauti zinakosikika na kumbukumbu zinakoshughulikiwa. Halafu akanigusa kisogo, kisogo changu mimi mwenyewe. "Na hapa ndipo unaponiona."

"Nakuona kwa macho."

"Macho ni madirisha. Anayetazama amekaa huku nyuma."

Sikucheka. Nikashika kisogo changu kama mtu aliyeambiwa ana mgeni chumbani. Baadaye ndiyo nikakumbuka mwalimu wangu wa darasa la tano, kila akinichapa kofi la kisogo naona nyota. Kumbe alikuwa anagonga mlango wa mwenye kuona.

Chini ya kisogo, akasema, kuna ubongo mwingine mdogo. Huo hauna maneno. Kazi yake ni kukusawazisha: ndio unaofanya mtu apige kasia amesimama kwenye mtumbwi bila kuanguka, na mimi nipige shoka bila kukata dole. Na kutoka chini kabisa, akanishika mkono hapa kwenye kifundo, linashuka shina. "Hili halilali. Wewe ukisinzia, lenyewe linavuta pumzi, linapiga moyo. Likiguswa hili, hakuna daktari. Linaendelea chini mpaka kwenye uti wa mgongo, kama kamba."

Nikamtazama Baba kitandani. Hakuwahi kuona picha ya kitu hiki. Hakusoma hata darasa moja. Lakini kisu chake miaka yote kimekuwa kikisimama mlangoni pa hicho kitu, kwa adabu.

"Sasa wake umeharibika wapi?"

Akagusa ngumi yangu ya kushoto, kando, mbele kidogo ya sikio. "Hapa. Kwa watu wengi maneno yanatengenezwa upande huu wa kushoto. Na upande wa kushoto ndio unaoamuru mkono wa kulia, kwa sababu njia zinapishana zikishuka. Ndiyo maana vimeondoka pamoja, ulimi na mkono."

"Akili je?"

"Akili iko. Anakuelewa. Anajua wewe ni nani na unasema upuuzi gani. Mlango wa kutokea maneno ndio umeanguka."

Hilo lilinimaliza kuliko yote. Nilikuwa nimeshamwomboleza mtu aliyekuwa ndani anasikiliza.

Tulirudi naye Garsen anatembea kwa mkongojo, anavuta mguu. Na nyumbani tukafungua shule. Kila anayekuja kumjulia hali anamletea mtihani. "Mzee, sema maji." Kwato. "Sema chai." Kwato. Mama yangu anashika kikombe juu kama mwalimu wa chekechea. Baba jasho linamtoka, shingo inasimama mishipa, anajaribu, na tunamwangalia mdomo sote kama watu wanaosubiri gari la Lamu. Akishindwa anageukia ukuta.

Mimi nikarudi kwenye vichwa, lakini shoka likawa halinyanyuki kama zamani. Siku moja nikaazima msumeno wa chuma kwa fundi wa pikipiki, nikachukua kichwa kimoja kilichochemka nusu, kwa sababu ubongo ukichemka kidogo unashikamana. Nikakikata polepole katikati, puani mpaka kisogoni. Ilichukua muda mrefu, wateja wakanitukana. Kikagawanyika.

Walahi, kumbe ubongo sikuwahi kuuona. Miaka yote shoka lilikuwa linapiga na kuvuruga, naona uji. Sasa vilikuwa vyumba. Mbele kabisa kulikuwa na kipande kimejitokeza kuelekea puani, kinono, maana mbuzi anaishi kwa pua. Ile sehemu ya kupanga ya kesho ilikuwa nyembamba, na nikaelewa kwa nini mbuzi haweki akiba. Nyuma ile mikunjo, mahali pa kuonea. Na pale chini ya kisogo, kwenye ule ubongo mdogo wa kusawazisha, kulikuwa na mti. Mti mweupe, mzima, una shina, matawi, na vijitawi vidogo vidogo mpaka pembeni, umechorwa ndani ya nyama. Nikakata kichwa kingine, nikafikiri labda ni bahati. Mti huo huo. Cha tatu, mti. Kila mbuzi niliyewahi kumuuza kwa bakuli alikuwa anatembea na mti kichwani ili asianguke kwenye mawe, na mimi nikaupakua na chumvi na pilipili.

Mteja mmoja akaniambia, "Kijana, unasali ama unauza supu?"

"Subiri," nikamwambia. "Njoo uone hiki kitu." Akaja, akaona, akaketi. Tuliangalia wawili mpaka moto ukazimika.

Lakini wakati mimi nashangaa, kule machinjioni kulikuwa na shida. Walimweka mtu mwingine ashike kwa muda, lakini Baba hakukaa nyumbani. Kila asubuhi baada ya swala anajikokota mpaka pale, anasimama karibu na jiwe la kuchinjia, kisu chake kimefungwa kiunoni. Mkono wa kushoto alishaufundisha. Nyumbani alikuwa anamenya viazi kwa huo, anakata kamba. Kilichobaki ni ulimi. Sheikh aliulizwa, akasema bubu akichinja nyama ni halali, nia iko moyoni. Yule mwenye bucha la kona, ambaye ndiye mnunuzi mkubwa, akasema mbele ya watu, "Sheikh namkubali. Lakini wateja wangu hawali nia, wanakula nyama. Wataniuliza: jina limetajwa? Nitawaambia limetajwa kwato?"

Watu wakacheka, hata mimi karibu nicheke, kwa sababu maneno yalikuwa mazuri. Baba hakukasirika. Hilo ndilo lililoniuma. Alitikisa kichwa kumkubalia. Yeye mwenyewe asingechinja bila kuisikia sauti yake; mkono ungejuaje? Akageuka, akaenda. Siku hiyo hakula. Ya pili yake hakutoka nje, na kile kisu akampa Mama akiweke juu ya kabati.

Nilijua nikimwacha hivyo, yule aliyebaki mzima humo ndani atakufa kwa kukosa kazi.

Siku ya tatu nikampelekea uji. Nilikuwa nimemwonea huruma mpaka nikawa mjinga zaidi ya kawaida: nikaingia na viatu vyenye matope ya machinjioni, nikakanyaga mkeka wake wa kuswalia, nikauweka uji juu yake, na ukamwagika.

Akaruka. "Mpumbavu wewe!"

Tukatazamana. Neno lilikuwa safi, herufi zote ndani, na hasira imepakwa vizuri. Nikatoka mbio. "Mama! Mama! Baba amenitukana!"

Mama akaja anakimbia na mwiko. "Amekutukana vipi?"

"Vizuri kabisa!"

Akaanza kulia, akamkumbatia, akamwambia, "Mtukane tena, mume wangu." Baba akafungua mdomo, akajitahidi. "Kwa... kwato."

Nikampigia simu dada wa mazoezi, hata salamu sikumaliza. Akanisikiliza, nikasikia anatabasamu. "Hutokea. Maneno ya kutunga yanatoka pale palipoumia. Lakini tusi, salamu, dua, wimbo, kuhesabu moja mpaka kumi, vile vitu ambavyo mtu amevisema maelfu ya mara bila kuvifikiria, havitegemei mlango ule peke yake. Tunadhani vinashikwa pia upande wa kulia, na chini ndani kabisa. Yote hatuyajui, hata sisi."

"Kwa hiyo vimo?"

"Vimo. Ila ukimwambia 'sema', unamrudisha kwenye mlango uliovunjika. Mwache apite njia aliyoizoea."

Nilikaa na hilo neno siku nzima. Usiombe aseme. Kesho yake nikashusha kisu kabatini, nikamfunga Baba kiunoni mwenyewe. Nikampeleka.

Walipotuona machinjioni, kazi ikasimama. Nikamlaza mbuzi kwenye jiwe, nikamwelekeza kibla, nikashika miguu. Baba akapiga goti, kisu mkono wa kushoto. Na watu wote kimya, wanamtazama mdomo. Hata yule wa bucha la kona alizima simu yake, na simlaumu, alitaka kumheshimu. Lakini ule ulikuwa mtihani tena.

"Kwa..." akasema Baba. "Kwa..."

Mtu mmoja akaangalia chini. Mshipa wa shingo ya Baba ukasimama. Niliona anaelekea kule kule kwenye mlango ulioanguka, anausukuma kwa bega.

Nikapiga kelele. "Nyinyi mnaangalia nini, kuna harusi hapa? Nani ameacha maji yanamwagika? Wewe noa kisu chako! Wewe, si ulikuwa unasema habari za shemeji yako, endelea!" Walishangaa, wakadhani nimechanganyikiwa. Nikawakonyeza. Mmoja akaelewa, akaanza kunoa, krr, krr. Mwingine akafungua bomba. Yule wa shemeji kweli akaendelea, na ilikuwa habari ya aibu. Pakawa asubuhi ya kawaida.

Sasa asubuhi ya kawaida, mimi ndiye huwa nashika miguu, na nikishika sinyamazi. Ni ugonjwa wangu. Naongea na Baba, naongea na mbuzi, mpaka kisu kinashuka. Nikaanza. "Baba, huyu mbuzi sura yake namjua, nilisoma naye. Darasa la sita alikuwa nambari moja, mimi nambari ya mwisho, na sasa tazama nani amelala. Hebu tazama ndevu hizi, kama za mwalimu mkuu, na nilivyosikia alikuwa ana deni la..."

Akanipiga kiwiko cha ubavu. Kile kiwiko nakijua. Maana yake siku zote ilikuwa moja, nyamaza, nasoma.

"Bismillahi Allahu Akbar!"

Ilifika kwenye geti. Haikuvunjika hata mahali pamoja. Ilitoka kama maji yanavyojua njia ya mto hata baada ya mafuriko kuivuruga, na mkono wa kushoto ukaisikia, ukashuka, ukapita koo na ile mishipa miwili, ukafika kwenye mfupa, ukasimama. Mbuzi akatulia.

Nilikuwa nimeshika miguu inayolegea. Nilikuwa nawaza lile jina lilikuwa limekaa wapi muda wote. Daktari hakulitengeneza, sisi hatukulirudisha. Kiharusi kilipita nyumbani kwake kikachukua maji, chai, jina langu, jina la Mama, na hilo hakikuliona. Lilikuwa huko chini, gizani, upande mwingine, linasubiri kiwiko.

Yule wa bucha la kona akaja na ndoo yake, akaiweka kando ya jiwe. "Nikatie wa kwanza," akasema, na sauti yake haikuwa nzima.

Wakaleta wa pili. Nikamlaza, nikashika miguu. Baba akapiga goti, akaweka kisu tayari, na hakuchinja. Akageuza uso akanitazama. Sikuelewa. Akanyanyua nyusi, akaendelea kunitazama, anangoja, mzee ambaye maisha yake yote amekuwa akiniomba ninyamaze.

"Sawa, Baba," nikamwambia. "Huyu naye sasa, nimesikia kwao wana majivuno..."